Msimbo Uko Wazi, Ninyi Mmejifunga

Wanangu wa Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, nanyi mnaovuka kutoka Mathare kila Alhamisi kuja kuketi chumbani kwangu,

Mwisho wa mwezi nahamia Kakamega kwa binti yangu. Magoti yamegoma, na daktari hataki tena nikeshe. Sitaki kungoja nilazwe ndipo nitoe wosia, kwa sababu wosia wa kitandani hauulizwi maswali, na ninyi ni watu wa maswali. Someni, kisha mnipigie simu mbishane nami ningali nasikia. Mnaniita Shosho, hata ninyi ambao kwenu bibi ni Dani au Kukhu, na jina hilo limenipa ruhusa ya kusema bila kuzunguka.

Nilianza kazi ya kompyuta enzi za kadi za kutoboa. Mashine moja ilijaza chumba kizima, na sisi wasichana tuliotoboa kadi hatukuruhusiwa hata kuuliza zinakwenda kuhesabu nini. Ndiyo maana nilipokutana na programu huria kwa mara ya kwanza, msimbo wote ukiwa hadharani, kila mtu akiruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, niliipenda papo hapo na sijaacha kuipenda. Ninayoyasema hapa yanatoka katika mapenzi hayo.

Ni hivi. Kila mstari mnaoandika uko wazi. Mtu wa Brazil asiyewajua anaweza kuufungua usiku huu na kuuchunguza mpaka alfajiri. Lakini ninyi wenyewe mmejifunga. Anayetumia kazi yenu hajui kama mko kumi au mko mmoja, kama mnalipwa, kama mna mtihani Jumatatu, kama stima zimepotea Kayole tangu asubuhi, kama mama amelazwa hospitali ya Mama Lucy. Hajui kwa sababu hamjamwambia. Mnanyamaza, mnabeba, mnajibu “sawa, nitaangalia”, hadi siku mnazima simu na kupotea. Nawaomba muache kunyamaza huko. Hilo ndilo neno langu, na mengine yote ninayoandika ni maelezo yake.

Msidhani nadharau mnachofanya. Mnajua programu ya Ushahidi ilivyozaliwa, lakini mlikuwa wadogo na wengine hamkuwa mmezaliwa. Sisi tulikuwa humu. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na katika mitaa ya Mathare, Huruma na Kariobangi ulikuwa unasikia milio bila kujua ni wapi pa kupita. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwamba ingefaa watu wachore kwenye ramani yale wanayoyaona. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitika, na katika siku chache ramani ikawa inapokea taarifa kwa simu na kwa barua pepe. Kisha msimbo ule ukaachiliwa huru. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu waliokuwa mbali kabisa na Nairobi waliutumia kuonyesha ni wapi watu wamenaswa na ni wapi hakuna maji.

Watu husimulia mpaka hapo, pale mambo yanapowaka. Kazi inayofuata haina msimulizi: kurekebisha hitilafu, kumjibu aliyeshindwa kusakinisha, kuandika maelezo, kuhamisha data kutoka toleo la zamani hadi jipya, kufanya hivyo tena mwaka ujao na mwaka wa baadaye. Kuandika programu huchukua wiki. Kuitunza huchukua maisha ya mtu, na mtu huyo mara nyingi hana jina midomoni mwa watu.

Tazameni pia OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa. Mwaka 2004 madaktari kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kusaidia mpango wa AMPATH ambao wagonjwa wake wa Ukimwi walikuwa wanaongezeka kuliko rekodi zilivyoweza kubeba. Karibu na hapo, Mosoriot, palikuwa tayari na mfumo mdogo wa kompyuta. Wakaona hautaweza kukua, wakaanza mpya, na mwaka 2006 ukawashwa Eldoret. Leo KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vingi vya nchi hii, imejengwa juu ya OpenMRS. Mtu wa Kayole akienda kuchukua dawa zake na karani akalikuta faili lake bila kuhangaika, kuna mtunzaji aliyekaa usiku fulani akahakikisha kwamba toleo jipya halijafuta chochote. Mmoja wenu amewahi kuchangia hapo. Anajijua, nami najivunia.

Na ile kazi ya matatu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia walipanda matatu na simu mkononi, wakanakili kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani na data huria ya zaidi ya njia 130, zikiwemo hizi zetu za Jogoo Road. Mwaka uliofuata data hiyo ikaingia katika Google Maps. Lakini ninyi wa hapa mnajua matatu. Barabara ikichimbwa njia inahama, sacco ikigombana na nyingine kituo kinahama. Kuna mtu lazima apande tena. Nani? Kwa pesa ya nani? Atamwambia nani akichoka? Hayo ndiyo maswali ninayotaka myaulize mapema kuhusu kila mradi mnaouanza, siku ileile mnayochagua jina lake.

Sasa niseme kuhusu uchovu wenyewe, maana nimewaona wenzenu ukiwala.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu hali aliyoiona kwa wahudumu wa kliniki ya bure mjini New York, na kwake yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akijitolea humo usiku baada ya kazi yake ya mchana. Angalieni walikuwa watu gani. Hawakuwa wafungwa wala vibarua wa kupigiwa kelele. Walikuwa watu waliokuja kwa hiari, wanaoamini wanachofanya, wanaotoa bila kipimo kwa sababu wanaokuja wana shida ya kweli. Uchovu huu ulipata jina lake kati ya watu wa kujitolea, wanangu. Msishangae ukiwafikia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Halikuuita ugonjwa, ila lilitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana.

Kwenu nimeona dalili ya pili ikitangulia. Kijana aliyekuwa anamkaribisha kila mchangiaji mgeni anaanza kujibu kwa neno moja. Halafu kila ripoti ya hitilafu anaisoma kama tusi. Halafu anaogopa kufungua barua pepe, anaiacha siku tatu, na kadiri anavyoiacha ndivyo inavyozidi kumtisha. Ukimwuliza anasema yuko poa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kinachokufa kwanza ni mapenzi ya kazi, na nimewahi kuona kijana mwenye kipaji akiuza laptopu yake pale Gikomba ili tu asiione tena mezani. Hakuwa na shida ya pesa siku ile.

Kuna kisa cha mtu wa Finland ambacho nataka mkijue vizuri, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalonisumbua hata mimi mwenye ushauri. Lasse Collin alitunza kwa miaka mingi XZ, programu ya kubana mafaili, iliyomo katika karibu kila Linux duniani. Aliitunza takriban peke yake, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana wakaanza kumwandikia wakilalamika kwamba anachelewa, kwamba mradi umelala, kwamba ampishe mwingine. Collin hakunyamaza. Alieleza hadharani, Juni mwaka huo, kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Pembeni alikuwapo mchangiaji mpole aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akituma kazi nzuri tangu mwaka uliotangulia. Polepole akapewa funguo. Na Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yaliyofichwa ndani yake mlango wa siri wa kuingilia seva za watu.

Aliyeokoa ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akakataa kulipuuza hilo. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Sisi huku tulikuwa katika Njia ya Msalaba.

Linalonisumbua ni kwamba Collin alisema. Alifanya hasa ninalowaomba mfanye. Lakini waliokuwa wanamsikiliza ni watumiaji wenye haraka na mwizi mwenye subira, na ni mwizi peke yake aliyejitolea kumsaidia. Makampuni yaliyojaza seva zao kwa kazi ya mtu huyu hayakuwa hapo. Nami nimelifikiria sana, na nimeona kwamba kusema hakutoshi kama huna watu wako wa kuwaambia. Kila mmoja wenu awe na angalau wawili wasiohitaji chochote kutoka kwa mradi wake, wanaoweza kumwuliza “umelala?” na wakakataa jibu la uongo. Ndiyo sababu niliwaalika Alhamisi. Wengi mlidhani ni kwa sababu ya intaneti yangu. Na mtu mwingine akisema amechoka mahali ambapo ninyi ni watumiaji tu, msipite. Mwandikieni. Soma hata ripoti mbili kwa niaba yake, jaribu kuirudia hitilafu, mwambie umekuta nini. Nusu saa yako inaweza kuwa yote aliyokosa.

Kuhusu namna ya kusema nina mengi, kwa hiyo nivumilieni.

Maandishi hayana uso. Mtu akikuambia jambo pale kibandani, unamwona anavyotabasamu, unajua anatania. Katika ripoti ya hitilafu maneno yaleyale yanafika makavu, na msomaji huyajaza sauti ya hofu zake. Linus Torvalds, ambaye kazi yake imo katika kila simu ya Android mliyo nayo mfukoni, alijulikana miaka mingi kwa barua za matusi kwa wachangiaji. Septemba 2018 aliomba radhi, akasema anapumzika ili ajifunze kuelewa hisia za watu, na mradi wake wa Linux ukapata kanuni mpya za maadili. Mwezi uliofuata akarudi. Nilifurahi sana siku ile. Alikuwa mtu mkubwa, wa umri wa kuambiwa haiwezekani tena kubadilika.

Ila sisi wa huku tuna ugonjwa wa upande wa pili. Tumelelewa tusimkatalie mgeni. Mtu akiomba jambo lisilowezekana tunasema “tutaona”, na mama yako akisikia “tutaona” anajua ni hapana. Mtu wa Berlin anasikia ndiyo. Wiki mbili baadaye anauliza limefika wapi, wewe unaona anakusukuma, yeye anaona umevunja ahadi, na wote wawili mmeumia bila mwenye kosa. Kataeni kwa upole, lakini kataeni siku hiyohiyo na kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili. Nimewaandikia mfano, utumieni kwa lugha yoyote: “Asante kwa wazo hili na kwa muda uliotumia kulieleza. Sitaliongeza, kwa sababu litanilazimu kulitunza miaka mingi na sina nguvu hizo. Msimbo ni huria. Ukilitengeneza upande wako nitafurahi kuweka kiungo chake kwenye maelezo.” Mtu mwema ataridhika. Asiyeridhika alikuwa hatafuti programu.

Na hili la kuripoti: ninyi wenyewe mkiwa watumiaji, msimwandikie mtu “haifanyi kazi” mkaondoka. Elezeni mlifanya nini, mlitarajia nini, mkaona nini, mnatumia toleo gani. Anzeni na salamu. Nimesikia wengine mkisema salamu ni kupoteza wakati katika kazi hizi. Mimi sikubali. Sentensi moja ya salamu inamwambia mtunzaji kwamba unajua yeye ni mtu.

Halafu saa. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja au saa mbili usiku hapa. Wao wakianza siku, ninyi mnaosha vyombo. Ukijibu usiku huohuo kila mara, umewafundisha kwamba hulali, na hawatajua kwamba wamekosea. Andikeni kwenye faili la maelezo, juu kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuruka: mradi huu unatunzwa na watu fulani, kwa kujitolea, kutoka Nairobi, ripoti husomwa Jumamosi, Desemba hakuna majibu. Mistari minne tu. Nimeona mistari hiyo ikimrudishia kijana usingizi wake.

Mmoja wenu, naye ameniruhusu nisimulie, aliandika maktaba ndogo ya kuunganisha tovuti za maduka na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu. Ikapendwa. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ikaijenga ndani ya mfumo wake bila kumwambia. Mwisho wa mwezi malipo yakakwama, na saa saba usiku mhandisi wao akamwandikia: “Rekebisha sasa hivi, wateja wanalia.” Hakuna jina, hakuna salamu. Kijana akanunua bando, akakesha, akakuta hitilafu iko katika msimbo wao wenyewe, akawaonyesha mstari. Hakuna aliyerudi kusema asante. Asubuhi yake alikuwa na mahojiano ya kazi pale mjini, akafika akisinzia, na kazi ikaenda kwa mwingine.

Alipokuja kuniambia alikuwa anajilaumu yeye. Nikamwambia, na narudia kwenu nyote: kutoa msimbo bure si kutoa usiku wako bure. Leseni uliyoweka inampa mtu haki ya kutumia, kubadilisha na kugawa. Soma tena, hakuna mahali imempa haki ya kukuamsha. Siku hizi kwenye maelezo ya maktaba ile kuna sentensi inayosema kwamba anayehitaji msaada wa haraka kwa biashara aandike barua pepe kupatana bei. Kampuni mbili zimelipa. Si pesa nyingi, lakini zililipa kodi ya nyumba.

Wengine mnaona haya kusema pesa, kana kwamba inachafua huria. Mwaka 2014, ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, dunia ilishtuka kusikia kwamba programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote, na michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Na mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo cha Biashara cha Harvard walikadiria kwamba kama makampuni yangelazimika kuandika upya programu huria yanazozitumia, yangetumia dola trilioni 8.8, na kwamba asilimia 96 ya thamani hiyo imetoka kwa asilimia 5 tu ya waandishi wa msimbo. Asilimia 5. Ukiona mzigo ni mkubwa, hujalegea. Mzigo ni mkubwa kweli, na umewekwa juu ya mabega machache. Semeni bei bila aibu.

Mkiweza kuwaambia watu wa mbali, waambieni na wa nyumbani. Mama aliyeamka saa kumi kwenda sokoni anakukuta bado umekaa mbele ya kompyuta, na hajaona shilingi. Anachoona ni mtoto aliyepotea. Wewe unanyamaza kwa sababu unadhani hataelewa, na kila asubuhi unalala ukiwa na hatia juu ya uchovu. Mwonyeshe. Kijana wa Dandora alimkalisha mama yake akamwambia, “Ile kompyuta ya kliniki unakochukua dawa za presha, kuna kipande kama hiki nilichoandika.” Kipande hakikuwa cha kliniki hiyo hasa, lakini mama alielewa ni kazi ya namna gani. Akauliza swali ambalo hakuna mtumiaji aliyewahi kumwuliza: na wewe wanakulipa lini? Wakaanza kuongea kwa kweli, mpaka wakakubaliana saa za kulala na mchango wake wa unga na stima kwa mwezi.

Niseme la mwisho kati ya yale makubwa, nalo ni kupokezana. Matatu ya 58 inayopita hapo Jogoo Road ina dereva wake, lakini mnamjua pia skwadi: yule anayeshika usukani mizunguko miwili ili dereva ale, aoge, alale kidogo. Gari halisimami. Abiria hata hawajui. Na dereva mwenye akili hamngoji skwadi aje siku ambayo macho yanafumba. Anamzoesha mapema, anamwonyesha breki zinavuta upande gani. Miradi yenu mingi haina skwadi. Nywila ziko kwa mtu mmoja, na akili ya mradi iko katika kichwa kimoja.

Guido van Rossum aliianzisha lugha ya programu ya Python, na kwa miaka zaidi ya ishirini neno lake lilikuwa la mwisho. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja la lugha hiyo, alitangaza kwamba ameachia kiti, akaeleza wazi kwamba amechoka kupigania uamuzi ambao wengi wanauchukia. Hakumteua mrithi, aliwaachia wenyewe waamue watajitawala vipi. Walijadili miezi kadhaa, na mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano. Python haikufa. Mnaitumia kila siku. Mtu anayeondoka akiwa bado anaweza kuongea hujibu maswali. Anayeondoka kwa kuanguka huacha kitendawili.

Kwa hiyo kila mradi wa Alhamisi uwe na washika funguo wawili, wa mitaa miwili tofauti ili stima zikipotea upande mmoja upande mwingine uweze kufanya kazi. Mtunzaji apumzike mwezi mzima kila mwaka, na mapumziko hayo yaandikwe hadharani kabla hayajaanza. Anayetaka kuacha kabisa aruhusiwe kuacha bila kuulizwa sababu. Aandike ujumbe mfupi, amtaje anayemwachia, na kama hakuna, aseme mradi hautunzwi tena. Kuufunga mradi kwa heshima ni kazi njema. Kuuacha ukionekana hai wakati hakuna mtu ndani ni kumdanganya anayeutegemea. Na msimpe mtu funguo kwa sababu amewasukuma. Mpeni kwa sababu mmekula naye, au angalau mmeongea naye kwa sauti mara nyingi na mnajua anachokitaka.

Nimefikia mali.

Laptopu yangu kubwa apewe yule wa Mathare anayechora vituo vya maji kwenye OpenStreetMap, kwa sharti kwamba asiifanye kazi hiyo peke yake. Vijana wa mtaa wake walianza kuchora hata kabla yake, baada ya wale wa Kibera kuonyesha njia mwaka 2009, na wengine bado wapo, awatafute. Yule wa Umoja mwenye mtoto mchanga achukue betri ya kuhifadhi stima. Vitabu vyangu pelekeni maktaba ya Makadara, isipokuwa daftari la bluu. Hilo libaki chumbani. Ndani yake nimeandika, kwa kila mradi wetu, nani anashika nini, tangu lini, na lini mara ya mwisho alipumzika. Mstari wa mtu ukikaa bila tarehe ya mapumziko, mwiteni kabla hajawaita.

Chumba cha mbele nimezungumza na mwenye nyumba. Kodi imelipwa hadi Machi; baada ya hapo itagawanywa kwa wanaolipwa mshahara, na wasiolipwa waje na maziwa ya chai. Nywila za hazina zetu za msimbo ziko katika bahasha mbili zilizofungwa: moja anayo dada wa Buruburu anayefanya kazi hospitalini, nyingine iko kwa mwenye duka la chini, ambaye hajui ni za nini na hahitaji kujua. Bahasha hizo zina nywila za sasa. Alhamisi ya kwanza baada ya mimi kuondoka, mzibadilishe zote mkiwa pamoja, mniondoe mimi kwenye orodha, na mniandikie kwamba mmemaliza. Msinijibu usiku.

Shosho wenu,
Jericho, Nairobi